Picha Nzuri Si Ushahidi: Juu ya Mafundisho ya ADN kwa Njia ya Intaneti

Katika shule zetu za sekondari hapa Bukavu kuna somo ambalo wanafunzi wengi hulikariri vizuri na kulielewa kidogo. Ndilo somo la ADN, ile kemikali ya urithi iliyomo katika seli za mwili. Vitabu vya ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita DNA. Sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa twasema ADN. Kitu ni kimoja. Mwanafunzi wa Bio-Chimie atakutajia herufi zake nne, A, T, G na C, bila kusita. Atakuchorea ubaoni ngazi iliyosokotwa kama kamba. Lakini umwulize, "Wewe wajuaje kwamba ni hivyo?" Hapo atanyamaza, au atajibu, "Mwalimu ndiye aliyesema."

Si haki kumlaumu kijana huyo. Hadubini ya shule, hata ikiwapo, haiwezi kumwonyesha ngazi ile. Wala mwalimu hana maabara ya kumthibitishia. Ndiyo maana walimu wamefurahi kuona kwamba intaneti imeleta vyombo vingi vya kufundishia somo hili, tena bila malipo: sinema, maabara za kuigiza, michezo ya kujaribu, hata hazina za herufi za ADN zinazotumiwa na wataalamu wenyewe. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini zawadi nayo hupimwa kabla ya kuwekwa mezani. Katika makala hii twataka kuvipima baadhi ya vyombo hivyo, tuone kipi chafaa shule zetu, na kwa sababu gani.

Kipimo chetu

Mwenye kupima lazima awe na kipimo. Chetu hatukitoi mbali. Iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, watu wanaujua ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita SS. Mtoto huumwa mifupa, hupungukiwa damu, hulazwa leo na kulazwa tena baada ya mwezi. Wazazi hutafuta sababu. Pale elimu inapokosekana, sababu hupatikana kwa jirani, au kwa bibi kizee asiye na mtetezi, au kwa mama mwenyewe, ambaye ukoo wa mume humwambia kwamba ameleta damu mbaya nyumbani. Nyumba zimevunjika kwa neno hilo.

Basi, swali letu kwa kila chombo ni hili: mwanafunzi aliyekitumia, je, aweza kurudi nyumbani na kueleza, kwa Kiswahili au kwa Mashi, kwa nini mtoto huyu ni mgonjwa na ndugu yake ni mzima? Tena, aweza kusema jambo hilo limejulikanaje? Akiweza, chombo kimefundisha. Asipoweza, kimemfurahisha tu.

Sinema za ndani ya seli

Tuanze na vile vinavyopendwa zaidi, yaani sinema za ndani ya seli. Zilizo maarufu ni zile alizozitengeneza Drew Berry wa taasisi ya Walter and Eliza Hall huko Melbourne, Australia. Nyingine zilitumiwa mwaka 2003, wakati dunia ilipokumbuka miaka 50 tangu Watson na Crick watangaze umbo la ADN, nazo zikaenezwa na kituo cha mafundisho cha Cold Spring Harbor Laboratory, Marekani. Ni kazi ya fundi hodari. Unaiona ADN ikifunguliwa, herufi zikinakiliwa, na ribosomu ikiunganisha protini kipande baada ya kipande. Darasa lililokuwa likisinzia huamka.

Tunazisifu, lakini tuna manung'uniko mawili. La kwanza, seli inaonekana kama karakana yenye nafasi na mwanga, ambamo kila herufi yajua njia yake na huruka moja kwa moja mpaka mahali pake. Kwa kweli seli imesongamana kuliko soko la Kadutu siku ya Jumamosi. Molekuli hugongana ovyo, mara maelfu, na ile inayofaa hushika kwa sababu imekaa sawasawa, si kwa sababu imetumwa. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo hudhani kwamba ndani ya seli mna watumishi wadogo wenye akili.

La pili ni kubwa zaidi. Sinema haisemi imejuaje. Yaonekana kana kwamba mtu aliingia na kamera akapiga picha, kumbe hakuna kamera iliyoingia humo. Umbo la ADN lilijulikana kwa njia ya mzunguko: kwa hesabu za kemia, na kwa picha za miale ya X, hasa ile iliyopigwa London mwaka 1952 na Raymond Gosling, mwanafunzi aliyesimamiwa na Rosalind Franklin. Picha hiyo haina ngazi wala rangi. Ina madoa meusi yaliyopangika kama msalaba uliolala. Kuyasoma madoa yale kulihitaji ujuzi wa hesabu. Mwalimu akionyesha sinema bila kuonyesha madoa, anawapa wanafunzi imani mahali palipotakiwa ushahidi. Sisi Wakatoliki twajua kwamba imani ina mahali pake. Lakini mahali pake si katika kemia.

Kwa upande huu, mkusanyiko mwingine wa Cold Spring Harbor, uitwao DNA from the Beginning, wafaa kuliko sinema, ingawa hauna uzuri huo. Wenyewe unafuata njia ya majaribio. Unaanza na urithi unaoonekana kwa macho, ukimtaja Gregor Mendel, yule mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri huko Brno na kutangaza matokeo yake mwaka 1866. Mendel hakuona jeni hata moja. Alihesabu tu: njegere laini 5,474, zenye makunyanzi 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Kutokana na hesabu hiyo akatambua kwamba kila mzazi hutoa sehemu moja tu ya urithi kati ya mbili alizo nazo. Huo ndio ufunguo wa SS, nao ulipatikana kwa subira na kalamu.

Maabara isiyokosea

Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kimetengeneza mkusanyiko uitwao Learn.Genetics. Ndani yake mna maabara za kuigiza: kutoa ADN katika seli za shavu, kuizidisha kwa njia ya PCR, na kutenganisha vipande vyake kwa elektroforesi. Mwanafunzi hushika vyombo kwa kidole kwenye kioo, humimina, huwasha umeme, hungoja, kisha husoma mistari iliyojitokeza na kukadiria urefu wa vipande. Maelezo ni mafupi na safi. Kwa shule isiyo na pipeti hata moja, ni msaada mkubwa.

Lakini maabara hii haikosei. Kila hatua imepangwa tayari, na mkono wa mwanafunzi huongozwa mpaka mwisho. Dawa haziharibiki kwa joto, umeme haukatiki katikati, mistari haififii. Aliyefanya kazi katika maabara ya kweli ajua kwamba nusu ya elimu ni kutambua kwa nini jambo halikufaulu. Kijana aliyefaulu mara kumi kwenye kioo hudhani kwamba cheti cha maabara hakiwezi kuwa na kosa. Siku atakapopewa majibu ya damu yasiyolingana na hali ya mgonjwa, hataomba yarudiwe.

Tena kuna mtego ambao mwalimu lazima auseme. Elektroforesi ya Utah hutenganisha vipande vya ADN kwa urefu: vifupi hutangulia, virefu hubaki nyuma. Kipimo cha SS kinachofanywa mara nyingi hospitalini nacho huitwa elektroforesi, lakini hakipimi ADN. Hupima hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, nayo ya A na ya S zina urefu ule ule. Zinatengana kwa sababu chaji yake ya umeme si sawa. Mwanafunzi asiyeonywa atachanganya mambo mawili, naye atawaeleza watu nyumbani kwa ujasiri jambo lisilo kweli.

Chombo kinachokubali kosa

Sasa twaja kwa PhET, kazi ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Kati ya michezo yake ya kujaribu umo mmoja juu ya jinsi jeni inavyotoa protini. Mwanafunzi hupewa jeni na molekuli mbalimbali zinazoelea. Hakuna anayemwongoza mkono. Akiweka polimerasi peke yake, kazi haianzi. Akiweka kisaidizi cha jeni nyingine, hakishiki. Anajaribu, anakosa, anafikiri, anajaribu tena, mpaka protini tatu zikusanyike. Katika sehemu nyingine huongeza au kupunguza wingi wa molekuli na kutazama mchoro ukipanda na kushuka.

Hapa tunatoa sifa bila kusita. Chombo kinachoruhusu kosa kimemheshimu mwanafunzi kama mtu mwenye akili. Tena kina faida moja ambayo mwalimu wa Bukavu huitambua mara moja: mchezo waweza kupakuliwa mara moja, ukawekwa katika flashi, na kutumika bila intaneti. Umeme ukirudi saa mbili usiku, mwalimu huchaji kompyuta yake, na kesho darasa lina maabara. Mega hazihitajiki tena.

Hata hivyo mchezo huu nao una upungufu. Herufi hazisomeki ndani yake. Protini ni umbo lenye rangi, na huoni jinsi herufi tatu zinavyoita kipande kimoja cha asidi amino. Lakini habari yote ya SS iko papo hapo! Mnyororo mmoja wa hemoglobini, uitwao beta, una vipande 146. Katika kipande cha sita, mahali pa herufi GAG, pameandikwa GTG. Herufi moja imegeuka, asidi ya glutamiki imekuwa valini, na seli ya damu inapokosa oksijeni hujikunja kama mundu. Vernon Ingram ndiye aliyelionyesha badiliko la kipande hicho, Cambridge, miaka ya 1956 na 1957. PhET haitakwambia hayo. Mwalimu atayaandika ubaoni kwa chaki, na chaki hiyo itakuwa na thamani kuliko sinema tatu.

Ushahidi kutoka Afrika yetu

Filamu moja tu kati ya tulizozipima yaanza na swali linalotuhusu sisi wenyewe. Ilitolewa mwaka 2011 na Howard Hughes Medical Institute ya Marekani, nayo inamhusu Tony Allison, daktari aliyelelewa Kenya. Mwaka 1949 alikwenda pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenye Mlima Kenya, akapima damu ya watu wa makabila mbalimbali. Karibu na pwani na karibu na ziwa Victoria alikuta penye watu 100, zaidi ya 20 wana alama ya S. Juu milimani hakumkuta hata mmoja katika 100. Kwa nini? Akafikiri: mbu wa malaria nao hupenda nchi za chini.

Miaka michache baadaye aliwapima watoto karibu na Kampala, na mwaka 1954 akatangaza hesabu zake. Kati ya watoto 43 wenye alama ya S, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya watoto 247 wasio na alama hiyo, walikuwa navyo 113. Yaani 28 katika 100 kwa upande mmoja, na 46 katika 100 kwa upande wa pili. Mwanafunzi na azihesabu mwenyewe, tena aulize kama 43 ni wengi wa kutosha. Akiuliza hivyo, ameanza kuwa mtu wa sayansi.

Filamu hii inajibu swali ambalo sinema nzuri haziligusi: kwa nini herufi yenye madhara haikupotea? Kwa sababu mwenye moja tu, yaani AS, kwa kawaida ni mzima, tena hukingwa kwa sehemu na malaria kali. Kwa hiyo herufi S haikuletwa katika jamaa zetu na laana wala na dhambi ya mtu. Mababu walioibeba waliokoka malaria, wakatuzaa. Mama anayetukanwa kwamba ana damu mbaya, neno hili ni haki yake kulisikia.

Twaongeza swali ambalo filamu haikuliweka. Bukavu iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, iko karibu nusu ya hapo. Je, tutazamie kukuta AS wengi zaidi Uvira kuliko hapa? Mwanafunzi mwepesi atasema ndiyo. Mwenye kufikiri atakumbuka kwamba Bukavu imejaa watu wa Shabunda, wa Mwenga, wa Fizi na wa kila upande, waliokuja kwa kazi au kwa kukimbia vita, na kwamba damu ya mtu haibadiliki kwa kupanda mlima.

Herufi za Kamituga

Chombo cha mwisho hakikutengenezwa kwa ajili ya shule. Ni hazina za wataalamu, kama GenBank na Nextstrain, ambamo herufi za ADN za viumbe na virusi huwekwa wazi kwa kila mtu. Darasa la Bukavu lina sababu ya kuzifungua. Mwezi wa Septemba 2023 ugonjwa wa mpox ulianza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu katika wilaya ya Mwenga. Kirusi chake kina ADN ya herufi karibu 200,000. Wataalamu wa taasisi ya INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao walizisoma, wakatambua tawi jipya, lililopewa jina la Ib. Waliona pia mageuzi ya herufi ya namna ile inayoachwa na kinga ya mwili wa binadamu. Hiyo ikawa dalili kwamba ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu kwa mtu. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya kimataifa.

Hazina hizi ni ngumu. Zimejaa maneno ya kitaalamu, na mwanafunzi aliyeachwa peke yake hupotea humo kama mgeni msituni. Lakini katika mti wa virusi wa Nextstrain ataona matawi yenye jina la mkoa wake. Ataelewa kwamba ADN si jambo la kitabu cha Ulaya, na kwamba hata vichimbo vya Kamituga vimeandikwa katika elimu ya dunia.

Lugha, na maharagwe

Lalamiko letu la jumla ni la lugha. Sehemu kubwa ya vyombo hivi ni vya Kiingereza. Mwanafunzi husoma kwa Kifaransa darasani, hutazama kwa Kiingereza kwenye kioo, kisha hurudi nyumbani kwenye Kiswahili. Elimu inayovuka mito miwili hufika imelowa. PhET imejitahidi kutafsiri michezo yake katika lugha nyingi. Wengine waige mfano huo. Na sisi tusingoje. Walimu wetu wana uwezo wa kuandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi kwa kila chombo.

Tena kuna jambo ambalo hakuna kioo kinachoweza kulifundisha vizuri kama maharagwe. Weka jeupe moja na jekundu moja katika kikombe cha baba, na vivyo hivyo katika kikombe cha mama. Jekundu ni S. Fumba macho, toa moja kila upande, andika, rudisha, rudia mara 100. Mekundu mawili yatatoka karibu mara 25. Lakini darasa litaona pia kwamba yaweza kutoka mara tatu mfululizo, na kwamba kikombe hakikumbuki kilichotangulia. Hapo litakufa kosa linalowadhuru wazazi wengi, la kudhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa SS, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba ni kutoa upya. Na hapo kila mmoja ataona kwa macho kwamba jekundu moja limetoka kwa baba.

Kadhalika ndizi iliyopondwa, chumvi, maji na sabuni ya vyombo, kisha ichujwe kwa kitambaa na kumiminiwa taratibu alkoli baridi ya digrii 90 ya duka la dawa, itatoa nyuzi nyeupe za ADN mbele ya darasa zima. Kanyanga haitoshi, maana maji yake ni mengi mno. Basi hakuna sababu ya kuileta shuleni.

Neno la mwisho kwa vijana wanaojitayarisha kwa ndoa. Kanisa halimzuii mwenye AS kufunga ndoa na mwenzake wa AS. Linataka wanaoahidiana wajue wanachoahidiana, wala wasije kutupiana lawama mbele ya kitanda cha mtoto. Kipimo cha damu huwapa herufi mbili katika karatasi. Lakini herufi hizo hazisaidii kitu mikononi mwa mtu asiyefundishwa kuzisoma.

Kwa hiyo, ninyi walimu, chukueni vyombo hivi kwa shukrani, lakini mviweke katika utaratibu huu: kwanza swali la nyumbani, pili maharagwe, tatu PhET na chaki, nne filamu ya Allison, tano maabara ya Utah pamoja na onyo lake. Sinema nzuri ziwe za mwisho, baada ya wanafunzi kuyaona yale madoa meusi ya mwaka 1952. Na kila mara kijana akisema "ni hivi", mwulizeni kwa upole, "Umejuaje?" Siku atakapoweza kujibu, mama mmoja katika mtaa wake atapata mtetezi.